Kaburi la Pistoni

Maximilla alipoanua mashuka siku ile, kabla ya mvua ya alasiri, aliyakuta yamerukiwa na mafuta.

Vilikuwa vitone vidogo sana, vya manjano, vimetapakaa upande mmoja tu, ule ulioelekea banda la ndugu yake. Alivigusa kwa kidole. Vilikuwa na joto. Akanusa. Ni mafuta ya mbarika, tena yaliyoungua.

Alilitazama banda. Kufuli lilining'inia mlangoni. Cornelius alikuwa mjini Kakamega tangu asubuhi, na ufunguo alitembea nao mfukoni.

Mwingine angeogopa. Maximilla alikasirika. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hasira yake pia haikuwa na kelele. Iliketi ikangoja mwenyewe afike.

"Umewasha kile kitu chako cha bandani?" alimuuliza Cornelius aliposhuka kwenye bodaboda.

"Niwashe saa ngapi, dada, na ndio nashuka?"

"Basi tazama."

Cornelius aliushika upindo wa shuka, akanusa, kisha akajipangusa kidole kwenye suruali upesi, kama mtu aliyeshika kinyesi. Maximilla aliliona hilo.

"Pengine ni mbarika wa pale uani. Mbegu zake hupasukanga jua likiwa kali."

"Mbegu hujikaanga zenyewe?"

Cornelius alikohoa, akaingia bandani.

Ndani ya banda hilo ndimo ilimokaa injini kubwa, na injini hiyo ilikuwa kongwe kuliko mtu yeyote aliye hai katika boma hilo la Navakholo. Ilikuwa injini ya ndege ya siku za vita vikuu vya kwanza, wakati watu walikuwa bado wanabahatisha namna ya kuruka. Silinda zake tisa zilisimama duara kama miali ya jua la kuchorwa na mtoto, na ajabu yake ni kwamba ilizunguka yote. Injini ya gari hutulia, mhimili ukazunguka ndani yake. Hii, mhimili ulifungwa kwenye ndege ukatulia, nayo injini nzima, pamoja na rafadha, zile panga za mbao za mbele, ikazunguka kama kichaa ili upepo uipoze. Ililainishwa kwa mafuta ya mbarika kwa sababu hayo hayayeyuki katika petroli, na haikuyarudisha. Iliyanywa na kuyatema, ikamtemea rubani usoni mpaka akayameza bila kupenda na kuharisha safari nzima. Kukhu Nanjala, nyanya yao, alipofika hapo katika kusimulia alikuwa akicheka kidogo. Baada ya hapo hakucheka tena.

Kwa maana habari yenyewe ilikuwa hii. Enzi za dhahabu, wazungu walipojaa Kakamega wakichimbua kila kijito, mmoja wao alikuja na ndege kuukuu iliyobaki vitani. Fundi wake alikuwa Elkanah, mume wa Nanjala, ambaye wajukuu walimwita Kuka ingawa hakuna hata mmoja aliyepata kumwona. Alipanda kiti cha nyuma kila safari, kwa sababu injini ile haikuaminika kutua mahali ikawaka tena bila yeye. Siku moja ya mvua ndege ilianguka msituni, upande wa Isecheno. Wenzake yule mzungu walikuja, wakamtoa mtu wao, wakamvika sanda, wakamtengenezea jeneza. Walipoulizwa habari za Elkanah, walisema ndege ilikuwa na mtu mmoja.

Mtu mmoja. Maximilla aliyapokea maneno hayo akiwa msichana wa shule, kama anayepewa kaa la moto kiganjani, na hakulitupa.

Wanaume wa ukoo waliingia msituni wenyewe. Moto ulikuwa umekula kila kitu. Waliikuta injini imejichimbia udongoni, silinda moja imepasuka na pistoni yake imechomoka, wakaibeba mabegani kwa miti hadi nyumbani. Sasa, mtu akipotea bila mwili, desturi iko wazi: hukatwa shina la mgomba, likavikwa, likaliliwa, likazikwa mahali pake. Wazee walikuwa wamekwisha kuukata mgomba. Nanjala akasimama mbele ya shimo, ile pistoni kifuani kama mtoto mchanga, akakataa.

"Mgomba utaoza," alisema, "nanyi mtasahau. Chuma hakiozi."

Ikazikwa pistoni. Na kila mwaka, siku ile ile, Nanjala alimwaga mafuta ya mbarika kaburini na kusimulia kisa chote bila kuacha neno. Alipokufa, kazi hiyo ilimwangukia Maximilla. Watoto wa boma waliiogopa siku hiyo kuliko mtihani, maana aliyekosea jina au mahali alirudishwa mwanzo.

Cornelius alikuwa mkerezaji wa vyuma katika karakana ya kiwanda cha sukari. Alipostaafu alirudi na mashine yake ya kukereza, akaifunga bandani kando ya injini kubwa, akaanza kutengeneza mfano wake wa kukaa juu ya meza: silinda tisa kila moja kama kidole gumba, vali za kushikwa kwa kibanio, rafadha ya urefu wa mkono. Nao ulikuwa wa kuwaka kweli. Watu wa Nairobi wapendao ndege za kale walikuwa wameahidi kuja kuushuhudia. Maximilla alikuwa amemruhusu kuipima injini ya Kuka. Kupima tu.

Baada ya siku ya mashuka, harufu iliingia nyumbani. Ilianza kwenye maziwa. Kisha obusuma, ugali wao, ikawa inateleza mkononi kana kwamba imepakwa kitu. Kuku walihama banda lao, wakawa wanalala juu ya mparachichi, wakinyeshewa. Na alasiri mvua ya radi ilipoteremka, kama iteremkavyo Kakamega karibu kila siku, Maximilla alisikia chini ya kishindo cha mabati sauti nyingine, nzito, ya kitu kizungukacho: vuu, vuu, vuu, kisha pengo, kama mtu aliyeng'oka jino anayejaribu kupiga mluzi. Mvua ilipokatika, sauti ilikatika nayo.

Nafula, mke wa Cornelius, alimfuata wifi yake jikoni. Alirudisha mlango kwanza.

"Mulamwa, ndugu yako anakohoa mafuta."

"Mafuta gani?"

Nafula alifungua kitambaa. Kilikuwa na doa la manjano, linang'aa.

"Amekonda hata mkanda hauna tundu la kutosha. Tumbo linamkimbiza kutwa. Hospitali wamempima, hawaoni kitu. Pasta alimwekea mkono kifuani, akautoa mbio." Sauti yake ikashuka zaidi. "Alisema kunatetemeka mle ndani kama gari lililowashwa."

Maximilla alifunika sufuria, akatoka moja kwa moja hadi kaburini kwa Kuka, kule chini ya ua. Kwa mbali nyasi zilikuwa kama siku zote. Alipiga magoti, akazishika, akavuta. Zikatoka zote kwa pamoja kama mkeka. Chini yake udongo ulikuwa laini, mweusi, umebonyea katikati.

Alirudi juu hana rangi. Cornelius alikuwa bandani, ameinamia meza.

"Umeitoa."

"Dada, keti kwanza."

"Nauliza mara moja. Umeitoa?"

Cornelius aliweka chini tupa aliyokuwa ameshika. "Kwanza si chuma. Kukhu alisema chuma, lakini ni aluminiamu. Ile ya zamani. Hakuna mahali ungeipata leo."

"Chuma au si chuma, ilizikwa. Iko wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye ule mfano mezani. "Niliiyeyusha. Pistoni zote tisa ni yeye."

Maximilla aliziangalia zile silinda ndogo, moja baada ya nyingine.

"Ulienda kwa kaburi la babu yako kama mtu anayeenda kwa duka la vyuma kuukuu," Maximilla alisema.

"Nilitaka awe ndani yake." Macho ya Cornelius yalikuwa mekundu. "Nimechora jina lake hapa, soma. Wale watu wakija wataandika kwamba kwa hiyo ndege kulikuwa na watu wawili. Wewe unamsimulia kwa kuku na watoto wanaosinzia. Mimi nitamsimulia kwa dunia."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli, na kwa hiyo hasira yake ikazidi.

"Na kaburini uliacha nini?"

"Udongo."

"Udongo tu. Hata mgomba hukutia." Alimsogelea. "Wewe si mtoto. Unajua shimo la mtu halikai tupu. Hata likichimbwa kwa makosa, hutiwa shina la mgomba, la sivyo hujitafutia. Umelifungua mdomo ukalinyima chakula, Cornelius. Unadhani litamla nani?"

Cornelius alitaka kujibu. Kikohozi kikamkamata, kikamkunja hadi paji likagusa meza, na mafuta yakadondoka kutoka mdomoni mwake juu ya mabati ya shaba na nyembe za kukerezea.

Kesho yake Nafula alimpigia simu mwalimu Sulemani wa Mumias, aliyejulikana kwa kuwasomea watu wenye majini.

"Sisi ni watu wa kanisa," Maximilla alisema.

"Kanisa limekuja, limeomba, limekunywa chai," Nafula alijibu. "Naye bado anakohoa."

Sulemani alifika adhuhuri, mzee mfupi mwenye kofia safi na viatu vya matope. Alipiga hodi, akatoa salamu yake ya Kiislamu, kisha akawasalimu tena kwa Kiluhya ili asiachwe mtu. Hakufungua kitabu. Alizunguka boma taratibu akinusa, akasimama sana kaburini, akarudi akaomba maji. Cornelius alikuwa ameegemezwa kitini, blanketi mabegani, jua la mchana likimpiga.

"Nani humlisha?" Sulemani aliuliza.

Nafula alimtazama wifi yake.

"Huyu mtu wenu wa kaburini. Ana siku nyingi, lakini hana njaa. Nani humpa mafuta?"

"Mimi," Maximilla alisema. "Na kabla yangu, kukhu."

"Kila mwaka?"

"Hatujawahi kukosa."

"Na maneno?"

"Nasimulia yote. Jinsi walivyomwacha. Jinsi walivyosema ndege ilikuwa na mtu mmoja."

Sulemani alikunywa maji yote ndipo akasema. "Jini mgeni ningemfukuza. Huyu ni wa mji huu, nimfukuze aende wapi? Mgomba mnauzikia nini, nyinyi Waluhya? Ili uoze. Ukioza, aliyekufa amekwenda, na waliobaki wamepoa. Nyinyi mlimfungia kwa kitu kisichooza, na kila mwaka mkamwamsha mkamwambia: kasirika. Amekasirika. Huyu ndugu yako alipochimba, alimfungulia mlango tu."

"Waliomwacha ndio wenye makosa," Maximilla alisema.

"Ndio. Walimwacha mara moja. Nyinyi mmemkataza kuondoka miaka yote hii."

Maximilla aliinuka. "Unakuja kwa boma langu, unaniambia nimsahau mtu ambaye dunia nzima ilimsahau. Wamfute wao, na mimi nimfute?"

"Sikwambii kitu kirahisi, mama. Nakwambia kuna mmoja anayekohoa hapa. Chagua."

Radi ililia upande wa msitu. Hakuna aliyeona mawingu yakikusanyika, lakini tone la kwanza lilianguka, kisha mvua nzima, na katika kukimbilia barazani ndipo Nafula alipogeuka akaona kiti kitupu na blanketi chini.

"Baba Tyson," alimwita mumewe kwa sauti ndogo. "Baba Tyson, uko wapi?"

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Maximilla alikimbia, akipita akachomoa shuka moja kambani, yeye mwenyewe hakujua kwa nini, akaingia mle ndani ambamo mchana ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na hapo aliona ule mfano mdogo ukizunguka mezani pasipo petroli na pasipo mkono wa mtu, silinda zake tisa zimekuwa duara moja la kung'aa, na nyuma yake injini kubwa, ambayo ilikuwa haijasogea tangu wanaume wa ukoo walipoitua, ikizunguka nayo polepole juu ya magogo yake, vuu, vuu, vuu, na safari hii sauti haikuwa na pengo, kwa sababu pale kwenye silinda iliyopasuka, kila ilipofika zamu yake, kifua cha Cornelius kiliitikia, vuu, naye Cornelius alikuwa ameinama, macho wazi, uso unang'aa mafuta, akiusogeza taratibu kwenye rafadha kama mtu anayeinamia kisima kunywa maji, na tayari panga zilikuwa zinamgusa nywele.

Maximilla aliitupa ile shuka. Iliangukia mfano, ikanyakuliwa, ikajisokota mara moja, mara mbili, ikakaza. Kitu kikapiga mlio kama mbwa. Ile kubwa ikazunguka kidogo tena, ikachoka, ikasimama.

Cornelius alikaa sakafuni. "Alikuwa akiniuliza," alinong'ona, "mbona simtoi."

"Nani?"

"Alisema anaungua, na sisi tumesimama tunamsimulia."

Maximilla alimpangusa ndugu yake mafuta usoni hadi mvua ilipoisha. Kisha akatoka nje, akamwambia Sulemani: "Sema inavyotakiwa."

Kilichotakiwa kilikuwa kichungu kwa kila mmoja. Cornelius alivunja mfano wake kwa nyundo yake mwenyewe, silinda moja baada ya nyingine, akilia kwa hasira bila kujificha, na zile pistoni tisa akaziyeyusha tena zikawa kidonge kimoja. Injini kubwa ilichukuliwa na lori la vyuma kuukuu. Kile kidonge cha aluminiamu kilipelekwa Matete kwa watengenezaji wa sufuria, kikachanganywa na vingine. "Kiwe cha kila mtu, kisiwe cha mtu," Sulemani alikuwa amesema. Watu wa Nairobi walipigiwa simu wasije. Na Maximilla alikata shina la mgomba, akalivika ile shuka yenye vitone, akalilaza kaburini kwa Kuka. Walililia kidogo, kama inavyopasa.

"Mafuta basi," Sulemani alimwagiza alipokuwa akiondoka. "Na maneno pia basi. Mgomba uoze."

Cornelius alipona. Alikula, akanenepa, mkanda ukarudi tundu zake za zamani. Kuku walishuka kutoka mparachichi. Nafula alisema mara moja tu, akipakua: "Mtu fulani Matete anapikia obusuma ndani ya baba wa baba mkwe wangu." Hakuna aliyecheka, ila yeye.

Siku ya kumbukumbu ilipofika, Maximilla aliamka akiwa ameamua. Hakununua mafuta. Hakuwaita watoto. Alikwenda kaburini peke yake kung'oa magugu, basi. Lakini magugu yaliisha, naye alikuwa bado amepiga magoti, na kaa lile la moto lilikuwa bado kiganjani mwake. Mdomo ulianza wenyewe, kwa sauti ya chini. Jina lake. Ndege. Mvua. Isecheno. Jinsi walivyomtoa mtu wao na kumvika sanda. Alipofika kwenye yale maneno, mtu mmoja, hakuacha hata neno.

Hakumwaga tone. Hilo alijiambia mara nyingi siku zilizofuata.

Wiki kadhaa baadaye, akiteremka kuokota kuni, aliona kitu cha kijani juu ya kaburi. Mgomba haukuwa umeoza. Ulikuwa umechipuka, chipukizi limenyooka, jani lake la kwanza limefunguka. Hapakuwa na upepo. Migomba ya shambani ilikuwa imetulia tuli, lakini jani lile lilikuwa likijizungusha kwenye shina lake polepole, upande mmoja, bila kurudi.

Maximilla alienda jikoni, akarudi na panga.

"Kuka," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kama ya mtu anayemfukuza mwizi, "nimekuachilia. Nenda."

Alikata kwa pigo moja, chini kabisa. Utomvu wa mgomba ni maji, huganda ukawa mweusi nguoni. Kilichotoka hapo kilitoka kwa kusukumwa, cha manjano, kizito, kikamrukia kiganjani na usoni, nacho kilikuwa na joto.

Alisimama na panga mkononi, asijipanguse, akitega sikio upande wa nyumba.

Ndani, Cornelius akaanza kukohoa.